Swali la "umekuwa wa ngapi?" linawafanya vijana wetu waogope kukosea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi na walimu wenzangu wa Dar es Salaam kuhusu jambo ambalo kwa miaka mingi nililiita uvivu, hadi liliponikuta nyumbani kwangu mwenyewe.

Ninafundisha Hisabati katika shule moja ya sekondari wilayani Temeke. Kila mwalimu wa somo hili anawafahamu wanafunzi wanaorudisha karatasi nyeupe, na tumezoea kudhani kwamba hawakusoma. Muhula uliopita, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliacha maswali manne bila jibu. Nilipoutazama ukurasa wake wa rafu nilikuta matatu kati ya hayo ameyafanya, mawili kwa njia sahihi karibu mpaka mwisho, kisha ameyakata kwa mistari mizito. Nikamuuliza kwa nini hakuyaandika kwenye karatasi ya majibu. "Mwalimu, sikuwa na uhakika," akasema. Maksi za njia peke yake zingemvusha, lakini aliona heri aonekane hajui kuliko aonekane amekosea.

Wiki chache baadaye nilimkuta binti yangu, aliye Kidato cha Pili, saa tano usiku akinakili upya daftari zima la Bayolojia kwa sababu mchoro wa moyo ulikuwa umekwenda upande. Ilikuwa mara ya tatu. "Baba, limechafuka," aliniambia huku machozi yakimlengalenga. Nilianza kumtafuta aliyemfundisha mtoto ugonjwa huo, na sikufika mbali. Kila ripoti ilipotoka, hata kabla sijavua viatu mlangoni, neno langu la kwanza lilikuwa: "Umekuwa wa ngapi?" Mwaka alioshika nafasi ya pili, nilimuuliza wa kwanza ni nani.

Wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett walieleza mwaka 1991 kwamba kiu ya kutaka ukamilifu ina sura tatu: mtu kujidai mwenyewe asikosee, kuwadai wenzake wasikosee, na kuamini kwamba watu wanaomzunguka hawatamkubali akikosea. Baadaye Thomas Curran na Andrew Hill walikusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Canada na Uingereza, yaliyotolewa kati ya mwaka 1989 na 2016, wakaona kuwa sura zote tatu zimeongezeka, na ile ya tatu ndiyo iliyopanda kuliko nyingine, kwa asilimia 33. Vijana wale si wa Tandika, lakini sura hiyo ya tatu niliitambua papo hapo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imejificha ndani ya swali langu la mlangoni.

Tutazame hesabu kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, alama A huanzia 75. Mtahiniwa anayepata divisheni wani ya pointi saba, yaani A katika masomo yote saba, ile tunayoipigia vigelegele, anaweza kuwa amekosa robo ya kila mtihani katika masomo saba yaliyohesabiwa. Baraza la Mitihani lenyewe, basi, limemwachia mtoto bora kabisa alama 25 za kukosea, ilhali sisi nyumbani hatumwachii hata moja. Na Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, Baraza liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora. Wazazi tuliupokea uamuzi huo kwa kutengeneza orodha zetu wenyewe katika makundi ya WhatsApp, zikiwa na picha za watoto na vikombe. Mtoto ambaye picha yake haikurushwa humo anajua sababu bila kuambiwa.

Shuleni nako tuna yetu. Wapo walimu ambao bado wanachapa fimbo kwa idadi ya maswali aliyokosa mwanafunzi, wakati kanuni za adhabu ya viboko zinazungumzia utovu mkubwa wa nidhamu, si mtu aliyesahau kubadili alama ya kutoa. Zaidi ya fimbo kuna kicheko. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza, anatakiwa ajibu kwa Kiingereza, anachapia neno moja, darasa zima linaangua kicheko, na wakati mwingine mwalimu naye anacheka. Huyo msimtegemee kunyoosha mkono tena mpaka Kidato cha Nne.

Najua nitajibiwa kwamba nawafundisha watoto uzembe, na kwamba hakuna anayetaka kutibiwa na daktari aliyezoea kukosea. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mahali pa kazi na mahali pa kujifunzia. Anayejifunza gari katika jiji hili hubandikiwa alama ya L ili wengine wajue kuwa ataizima injini katikati ya makutano. Tunampigia honi, ni kweli, lakini hatumnyang'anyi usukani. Hata methali yetu kwamba kutenda kosa si kosa, bali kurudia kosa ndilo kosa, nadhani imetungwa kwa ajili ya mambo ya tabia. Katika kuzidisha mabano, kosa hurudiwa mara nane au tisa kabla halijaondoka, na mwanafunzi anayedhani kuwa la pili ni aibu ataacha kujaribu.

Nilichobadilisha mimi ni kidogo. Darasani, masahihisho sasa yana alama zake: mwanafunzi anaandika alikosea hatua ipi na kwa sababu gani, bila kulifuta kosa lenyewe. Nikikosea ubaoni sijifanyi tena kwamba nilikuwa nawapima. Nyumbani nimeanza kuuliza swali lipi lilimsumbua. Kwa majuma mawili binti yangu alinijibu "hakuna," akidhani ni mtego. Juzi alileta swali la vekta, tukalihangaikia wote hadi chakula kikapoa. Mzazi ambaye mtoto wake amefika mahali pa kukosa usingizi au kukataa chakula kwa hofu ya kukosea asisubiri matokeo ya mwisho wa muhula. Ampeleke kwa mshauri au hospitali, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo.

Ombi langu kwa wakuu wa shule ni moja: kiondoeni katika fomu ya ripoti kile kisanduku cha nafasi darasani, mbakize alama na maoni ya mwalimu. Shuleni kwetu nimelileta katika vikao viwili vya walimu na bado halijakubaliwa. Wenzangu wanasema wazazi ndio wanaokitaka.

Wako,
Mwalimu na mzazi,
Temeke, Dar es Salaam