Mwalimu, huyo fundi asishike bisibisi

Kwako Mwalimu,

Salamu zenu zimefika, na huku Dar sote wazima, ukiondoa joto. Mambo uliyonieleza juu ya laptop yako, kwamba inaonyesha mistari na kuzima ghafla, na kwamba kuna fundi wa kuifungua, hayajibiki kwa meseji mbili tatu, kwa hiyo vumilia barua.

Huyo fundi wa karibu na stendi mshukuru, mpe hata soda, lakini asiifungue. Simdharau. Mafundi wa aina yake ndio wanaotufufulia mashine zilizokwisha umri. Ila yako ina miezi kumi na waranti yake ni ya mwaka. Akiifungua akaona ubovu, atakudai hela ya kifaa ambacho ulishakilipia siku ile dukani. Asipouona, skrubu moja iliyochubuka kichwa inamtosha mtu wa kaunta ya waranti kukwambia, "Hii ilishafunguliwa, mama." Marekani mwaka 2018 tume yao ya biashara, FTC, iliyaandikia makampuni sita kuyaonya juu ya mtindo wa kumtisha mteja kwamba stika ikibanduka basi waranti imekufa. Heri yao. Wewe uko Tabora, usiingie kwenye ubishi huo.

Kazi yako si kuitengeneza, ni kufika pale na ushahidi. Ukifika na maneno matupu, "inazimazima", watakuwekea Windows upya, watakurudishia, na itazima tena ukiwa katikati ya kujumlisha alama za kidato cha tatu. Wakati huo siku za waranti zinaliwa. Kwa hiyo swali tunalolitafutia jibu ni moja: ubovu uko kwenye programu au kwenye mashine yenyewe?

Umetaja mambo mawili, mistari kwenye skrini na kuzima ghafla. Yatenganishe, huenda hayahusiani kabisa.

Mistari ndiyo rahisi. Ikitokea, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, ile ya kubonyeza Print Screen, kisha jitumie uiangalie kwenye simu. Picha ikiwa safi, yaelekea kompyuta inatoa picha nzuri na kinachoiharibu ni skrini au waya wake. Mistari ikionekana hadi kwenye simu, basi inatoka ndani zaidi, kwenye sehemu inayotengeneza picha au programu inayoiendesha. Baada ya hapo unganisha na projekta ya shule kwa HDMI, uone kama ukutani nako ipo. Kisha shika kifuniko taratibu, kiinamishe mbele na nyuma. Mistari ikicheza kadiri unavyokisogeza, mshuku waya unaopita kwenye bawaba. Ungali hapo, izime, iwashe, uingie kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla Windows haijaamka. Mistari ikiwepo hata huko, hakuna atakayekudanganya kwamba ni Windows. Rekodi video kwa simu, maana hitilafu hizi zina tabia ya kujificha mbele ya fundi.

Kuzima ghafla kunataka subira zaidi, na hapa usikubali jibu la haraka. Kwanza angalia inazimaje. Ikitokea skrini ya buluu (au nyeusi, kwa Windows 11 za karibuni) yenye maandishi, andika neno la kosa lililo chini. Ikikata tu kama umeme wa TANESCO, bila kuaga, basi mara nyingi ni joto, betri, chaja au mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Mtu anaweza kufungua kumbukumbu za matukio za Windows akakuonyesha "Kernel-Power 41" kana kwamba amegundua ugonjwa. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilizima bila kufuata utaratibu, jambo ambalo wewe ulishaliona kwa macho yako.

Jaribu hivi: itumie kwa betri peke yake, halafu siku nyingine iwe kwenye chaja muda wote. Ikizima kwenye betri tu, hasa inapoonyesha bado kuna asilimia 30 au 40, betri inasema uongo. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, nayo itakutengenezea faili la kufungua kwenye kivinjari. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Pengo likiwa kubwa kwa mashine ya miezi kumi, hifadhi faili hilo. Na uwahi, maana hata pale ambapo kompyuta ina waranti ya miaka mitatu, betri mara nyingi hupewa mwaka mmoja tu.

Ikiwa inazima ikichemka tu, sikiliza feni. Inazunguka? Hewa ya moto inatoka pembeni? Na samahani kwa kuuliza, lakini nakufahamu: huwa unaitumia juu ya blanketi? Iweke mezani siku kadhaa kabla hujaishtaki kampuni.

Sasa kipimo ambacho kaunta hawakipingi. Kompyuta nyingi huja na programu ya kujipima iliyomo ndani, isiyotegemea Windows. Hukusema yako ni ya kampuni gani. Kama ni Dell, iwashe huku ukigonga F12 kisha uchague Diagnostics. HP ni Esc halafu F2. ThinkPad za Lenovo, zile za karibuni, ni F10. Chagua kipimo kirefu, uiache kwenye chaja, ukasahihishe madaftari. Ikikuta kosa itakupa namba. Ya HP ina tarakimu 24, kwa hiyo usiinakili kwa mkono, ipige picha. Namba hiyo ni ya kampuni yenyewe, kwa hiyo ukiwa nayo hakuna wa kukurudisha kwenye habari za kuweka Windows upya. Isipokuta kitu, usikate tamaa. Vipimo hivi vinakamata diski na RAM (kumbukumbu ya muda) mbovu vizuri, ila hitilafu inayokuja na kuondoka huvipita mara nyingi.

Ndiyo sababu nakutumia flashi yenye Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Faili lake ni karibu GB 3 na sitaki umalizie kifurushi chako huko. Ichomeke, washa kompyuta kwa kupitia hiyo flashi, nawe utaitumia Mint bila kuisimika wala kugusa mafaili yako. Fungua video, iache icheze mchana kutwa. Ikizima hata hapo, Windows haikuwepo kazini, haina kosa.

Halafu makaratasi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, piga picha leo hii, maana karatasi ile hufifia na waranti inabaki kwenye ukurasa mweupe. Namba ya utambulisho iko chini ya mashine. Iingize kwenye tovuti ya kampuni uone waranti yako inaisha lini kwa hesabu yao. Mashine nyingi za Kariakoo zimepitia Dubai, na unaweza kukuta siku zilianza kuhesabiwa kabla hujaiona, au waranti si ya nchi yetu. Ikiwa hivyo, madai yako ni kwa duka, kwa hiyo tafuta kile kikaratasi walichokugongea muhuri. Kwa vyovyote, waandikie barua pepe kabla tarehe haijapita, hata kama hujapata nafasi ya kusafiri. Simu haiachi kumbukumbu.

Kabla ya kuikabidhi, nakili kila kitu. Wakibadilisha diski, kazi zako hazirudi, na fomu utakayosaini itasema hilo haliwahusu. Alama na taarifa za wanafunzi zitoe kabisa, si mali ya kuachwa kaunta. Tafuta pia ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows la kulinda diski, kwenye akaunti yako ya Microsoft, tarakimu 48, uuandike pembeni. Wakibadilisha mazabodi, Windows inaweza kuudai kabla ya kukufungulia.

Flashi itaondoka na basi la Ijumaa, namba ya mzigo nitakutumia. Wewe nitumie jina la kampuni, picha ya risiti na ile video ya mistari, tuandike barua pepe ya madai pamoja. Msalimie Baba Nuru na watoto.

Wako,
yule yule wa Temeke