Hesabu za watoto: tumehamia Jumapili

Wazazi wenzangu wa Jinja, hamjambo? Kipindi cha Jumamosi kimehamia Jumapili, saa tisa alasiri, palepale chini ya mwembe.

1. Kila mtoto aje na daftari na shilingi 2,000 za fotokopi.

2. Tunaandika namba kwa kirefu kwa vipeo vya kumi. Mfano, kilele cha Margherita, Rwenzori, mita 5,109:
(5 × 10³) + (1 × 10²) + (0 × 10¹) + (9 × 10⁰)
Wengi huiruka sifuri, mlima unabaki mita 519! Na 10⁰ ni 1, si 0 (hata mimi niliwahi kubisha). Nyumbani wajaribu 68,800, takriban kilomita za mraba za Ziwa Victoria.

Tafadhali thibitisheni hapa idadi ya watoto kabla ya Ijumaa jioni, nijue nitoe nakala ngapi. Asanteni sana.