Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Viazi Vyetu Vinapofika Jikoni

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba muda wangu niutumie kwenye lalamiko lililonifikia kuliko yote mwaka huu: mbegu ni ile ile ya Sagitta tuliyogawana, lakini viazi vya huyu vina unga mzuri, vya jirani yake vina maji, na chipsi zake zinageuka nyeusi kabla ya kuiva.

Wengi mmeilaumu mbegu. Naona inaonewa. Kiazi hujaza wanga mpaka wiki za mwisho, mmea unapokomaa na majani kuanza kuwa njano. Waliorudia mbolea ya urea wakati majani ya mimea yameshafunika nafasi kati ya mistari waliyachelewesha majani kukomaa, wakachimba kiazi kikubwa lakini kichanga. Kwenye vinyungu, yaani bustani zetu za mabondeni, tatizo ni maji. Tunamwagilia mpaka siku ya kuchimba tukiamini kiazi kitanenepa, na kweli kinanenepa, kwa maji. Nawasihi wenye vinyungu: majani yakianza kugeuka, punguzeni kumwagilia.

Chipsi nyeusi zina sababu nyingine pia, nayo ni baridi yetu ya Njombe. Usiku wa Juni na Julai, viazi vilivyo ghalani bila kinga hupoa chini ya nyuzi 8, na wanga huanza kugeuka sukari. Sukari hiyo ndiyo inayoungua kwenye mafuta. Msivitupe! Viwekeni wiki 2 au 3 mahali penye nyuzi 15 hadi 20, sukari itapungua. Pawe na giza, maana kiazi kilichopigwa na mwanga kikawa kijani kina sumu.

Kupima ni rahisi: kikombe 1 cha chumvi kwa vikombe 11 vya maji. Kiazi kinachozama kina wanga mwingi, kinafaa chipsi na kuponda. Kinachoelea kipelekeni kwenye rosti. Huko hakivurugiki, na mimi binafsi ndicho ninachokipenda kwenye mchuzi wa nyama.

Kamati inaleta pendekezo moja. Msimu ujao kila kaya iandike tarehe ya mbolea ya mwisho, siku ilipoacha kumwagilia, siku ya kuchimba, na kama viazi vilizama au vilielea. Madaftari yatatolewa na katibu. Naomba tulipigie kura leo, kabla ya kugawana mbegu.