Mkibadilisha setingi za mitambo ya data tuambieni kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni fundi hapa Malaba upande wa Uganda, kazi yangu kufunga traka kwenye malori, yaani vifaa vinavyomwonyesha tajiri lori liko wapi, na kuna jambo linaniuma, kampuni ya simu kubadilisha setingi za data kimyakimya, ambalo naona linagusa watu wengi bila wao kujua linatokea wapi.

Wiki tatu zilizopita, saa mbili usiku, tajiri mmoja alinipigia simu amewaka kabisa, anasema dereva wake amelala Jinja tangu mchana, lazima anauza mafuta, kwenye ramani lori halijasogea hata hatua. Sasa huyo dereva alikuwa amekaa mbele yangu kwenye benchi anakula chapati na maharagwe, na lori lenyewe liko palepale kwenye foleni ya kuvuka kwenda Kenya. Nikampa simu waongee, tajiri akakataa kuamini mpaka nikapiga picha ya namba ya gari na foleni nikamtumia. Kijana wa watu angefukuzwa usiku ule ule.

Kesho yake wakaja wengine wawili na shida hiyohiyo, wote laini za kampuni moja. Nafungua dashibodi ya traka kwenye kompyuta, taa ya traka ni ya kijani, bando ipo, netiweki imejaa. Nikapiga huduma kwa wateja, dada akaniambia nizime simu niwashe, nikamweleza dada yangu hii si simu, haina hata kitufe, akaandika malalamiko yangu na mpaka leo nasubiri.

Basi nikaitoa ile laini nikaiweka kwenye modemu ya laptopu, nikafungua muunganisho na seva yangu, nikakaa na saa mkononi. Dakika nne zikapita, nikatuma neno moja, likajibiwa. Nikaacha dakika tano na nusu, nikatuma, kimya. Nimerudia mara sita, ni vilevile. Na laini hiyo mwaka jana ilikuwa inakaa saa nzima na zaidi bila kukatika.

Wasomaji wajue kwamba data ya simu haitoki kwenye mnara ikaingia intaneti moja kwa moja, inapita kwanza kwenye mtambo mkubwa wa kampuni ambao ni kama lango, kwenye 2G na 3G unaitwa GGSN, kwenye 4G ni PGW. Hapo laini yako inapewa anwani ya ndani, halafu mtambo unaandika kwenye daftari lake kwamba fulani anaongea na seva fulani, hiyo kazi ya kubadilisha anwani ndiyo NAT. Ukinyamaza muda uliowekwa, wanafuta mstari wako. Anwani za intaneti za zamani ni chache na anwani moja ina poti, yaani namba za milango, 65,535 tu ambazo wateja wengi wanagawana, kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini wanataka kufutafuta upesi, sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni huu. Traka ikiwa barabarani inatuma kila nusu dakika, haina neno. Lori likisimama inatuma kila dakika 10 ili isimalize betri na bando. Dereva akipumzika Jinja, mstari unafutwa, akiondoka traka inaendelea kutuma kwenye njia iliyokufa, hakuna aliyeiambia imekatwa, nyingine zinaganda hivyo masaa na masaa, na tajiri anaona lori liko Jinja! IETF, wale wanaoandika kanuni za intaneti, walishasema kwenye kanuni yao RFC 5382 ya mwaka 2008 kwamba muunganisho wa TCP, yaani ule unaofunguliwa kwanza na kubaki wazi kama wa traka hizi, uliokwisha kufunguka usifutwe kabla ya masaa 2 na dakika 4 za kimya. Dakika tano ni muda wanaoupendekeza kwa UDP, ambayo inatuma vipande bila kufungua muunganisho kwanza, na hizo ni aina mbili tofauti, mtu akiweka namba moja kwa zote anatuumiza.

Na mitambo ya siku hizi inaruhusu kabisa kuweka muda tofauti kwa kila APN, yaani jina la njia ya data linaloandikwa kwenye setingi za kifaa. Simu za watu wa kuangalia video ziwe na muda mfupi, mashine ziwekwe kwenye APN yao na muda mrefu, mashine zenyewe zinatuma vipande vidogo tu. Ni mtu kukaa kwenye kompyuta na kuandika mistari michache, na hakuna haja ya kununua kitu kipya.

Kama wanaona haiwezekani basi watutangazie mapema, wiki mbili kabla, waseme APN ipi, muda ulikuwa ngapi na utakuwa ngapi, na waseme kwa Kiswahili pia maana hapa mpakani Mkenya, Mkongo, Mnyarwanda na sisi wenyewe hiyo ndiyo lugha tunaelewana. Tume ya Mawasiliano, UCC, naiomba iliangalie hili. Mizigo mingi inapita hapa, na tangu 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa sili za kielektroniki, yaani mashine zinazotegemea data ya simu si mchezo wa mafundi wachache.

Kwa sasa nimeweka traka zangu zipige hodi kila dakika nne hata zikiwa zimesimama. Nimepiga hesabu, ni mara 360 kwa siku, kama MB moja kwa mwezi kwa kila gari, bando inavumilia, lakini traka hailali tena na zile zinazotumia betri yake yenyewe zinaisha haraka sana. Zinazokubali kubadilishwa kwa meseji nilizimaliza siku moja. Zilizobaki 15 lazima nizifikie kwa waya, na saba ziko njia ya Juba na Goma, huko nako zikiwa roaming, yaani zikitumia minara ya nchi nyingine, data yake inarudi kupita kwenye lango lilelile la nyumbani, kwa hiyo zinakatika hukohuko na mimi siwezi kuzigusa mpaka zirudi.

Fundi wa traka,
Malaba, Tororo