Barua kwa Salma: Mzee wa Kwenye Boksi

Mwanangu Salma,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Hapa Tanga sote wazima, ila baba yako na presha yake ile ile.

Boksi la vidonge ulilompa kaka yako limefika. Nimesoma maandishi yote, mpaka yale madogo ya ubavuni. Wanasema ni siri ya watawa wa Kidao, ile dini ya kale ya China, inaongeza miaka, na juu wamechora mzee mwenye ndevu nyeupe kasimama kwenye wingu. Unaniomba nikutafutie wateja huku, kila mwalimu mstaafu boksi moja. Kabla sijakujibu nataka nikueleze habari za mzee kama huyo, maana walikuwepo kweli, na mmoja wao aliwahi kuulizwa hasa hicho unachoulizwa wewe na wateja wako.

Jina lake Qiu Chuji. Alizaliwa mwaka 1148 huko Qixia, mkoa wa Shandong, akafiwa na wazazi angali mdogo. Mwaka 1167 akajiunga na mwalimu mmoja wa vituko, Wang Chongyang. Huyo Wang alijichimbia kaburi akaishi humo miaka kadhaa, akaliita kaburi la mfu aliye hai. Baadaye akahamia kibanda cha nyasi, na siku moja akakitia moto mwenyewe. Majirani wanakimbilia kuzima, yeye anacheza. Mtu wa namna hiyo akija kuposa hapa nyumbani, sijui ningejibu nini. Lakini wanafunzi wake saba wakubwa walikuwa watu wa maana. Mmoja alikuwa tajiri, Ma Yu, na mwingine ni mke wa huyo tajiri, Sun Bu'er, mwanamke pekee kati yao.

Sasa nisikilize kama mwalimu wa kemia. Karne nyingi kabla yao, Wachina waliotafuta uzima wa milele walikuwa wakipika mawe. Jiwe walilolipenda kuliko yote ni lile jekundu lenye zebaki na salfa. Ulichome, zebaki inatoka inang'aa. Uichanganye tena na salfa kwenye moto, wekundu unarudi. Mtu aliyeona kitu kinakufa na kufufuka mbele ya macho yake, akaamini kwamba akikimeza naye hatakufa, simcheki. Ila zebaki ni sumu, na waliokuwa na uwezo wa kuinunua ndio iliyowamaliza. Wafalme kadhaa wa ukoo wa Tang wanahesabiwa humo, Wuzong aliyefariki mwaka 846 na Xuanzong mwaka 859.

Watu wa Wang waliachana na mawe wakabaki na majina yake tu. Tanuri likawa mwili wenyewe. Madini ya risasi na zebaki yakawa majina ya nguvu zilizomo ndani ya mtu. Walizungumzia vitu vitatu: jing, yaani kiini cha uhai kinachopotea kwa tamaa na uchovu, qi, ile nguvu iendayo na pumzi, na shen, roho inayotambua. Unaketi, unatuliza moyo, unaelekeza fikra chini ya kitovu, pumzi ndiyo moto wako. Jing inageuka qi, qi inageuka shen, shen inarudi kwenye utupu. Na moto huo hautakiwi mkali. Unajua wali unavyopaliliwa: ukizidisha makaa juu ya mfuniko, unachopata ni ukoko.

Mimi sisemi kwamba mwilini mambo hayo yanatokea vile walivyoyachora. Nisingeweza kumfundisha mtoto wa kidato cha pili. Lakini Wang aliacha maelekezo ya mambo kumi na tano, na kuhusu kuketi aliandika jambo ambalo hata shehe wetu angelikubali: kufumba macho na kunyoosha mgongo si kuketi. Anayeketi kweli ni yule ambaye moyo wake hautikisiki mchana kutwa na usiku kucha, awe anatembea, amesimama au amelala.

Qiu hakuwa hodari wa darasa. Wang alipokuwa anakufa mwaka 1170 mjini Kaifeng, alisema Ma Yu amekwishafika, na huyu Qiu asomeshwe na Ma. Kumbe kijana alikuwa mvumilivu. Baada ya kumzika mwalimu, alikwenda bonde la Panxi akakaa miaka sita, chakula cha kuomba, mlo mmoja kwa siku, nguo yake ni koti la mvua la majani mpaka watu wakampa jina la koti hilo. Kisha miaka saba mingine kwenye mlima Longmen. Hakuna aliyemletea kamisheni.

Mwaka 1219 ikamfikia barua ya Genghis Khan, mfalme wa Wamongolia. Alitaka dawa ya kutokufa, na alikuwa na jeshi la kuifuata popote ilipo. Qiu alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Mwaka uliofuata akaondoka na wanafunzi kumi na wanane. Mjumbe wa Khan alitaka kuunganisha msafara na wasichana aliokuwa akimpelekea bwana wake. Mzee akakataa katakata kusafiri nao. Wakapita Mongolia, wakafika Samarkand, mji umeshapigwa na vita. Nafaka iliyobaki kwenye mgao wao aliwapa wenye njaa, akawa anawapikia na uji.

Walionana mwaka 1222, kusini ya milima ya Hindu Kush, Afghanistan ya leo. Mwanafunzi wake Li Zhichang, mmoja wa waliosafiri naye, ndiye aliyeyaandika. Khan akauliza: umetoka mbali, umeniletea dawa gani ya kuishi milele? Qiu akamjibu kwamba zipo njia za kuutunza uhai, lakini dawa ya kutokufa haipo.

Hebu ona nani anaambiwa. Yule amechoma miji kwa makosa madogo kuliko hilo. Na mzee angeweza kabisa kumpa unga wowote wenye harufu kali, apokee dhahabu, aondoke. Kabla haujaonekana kuwa wa uongo angekuwa zake Shandong. Khan alipendezwa na ukweli ule, akaamuru mahema mawili yapigwe mashariki ya hema lake kwa ajili ya mgeni.

Ushauri aliopewa haukugharimu kitu: apunguze tamaa, apunguze kuua, na kwamba kulala peke yako usiku mmoja kunafaa kuliko kunywa dawa siku elfu. (Hilo la mwisho usimsomee mumeo.) Mwaka 1223 Khan akaanguka kutoka kwenye farasi akiwinda nguruwe mwitu. Qiu akamwambia umri umekwenda, apunguze kuwinda. Akajibu kwamba Wamongolia wamezoea tangu utoto, si jambo la kuacha mara moja. Hata hivyo miezi miwili hakuwinda.

Mzee alirudi na amri ya kuwasamehe kodi watawa wake, akaishia Beijing, akafariki mwaka 1227, mwaka ule ule aliokufa Khan. Mabaki yake yamo kwenye hekalu la Baiyun Guan, na watawa wa tawi la Longmen wanamhesabu yeye kuwa ndiye mwanzilishi wao.

Basi, wateja sitatafuta. Wewe ni mfamasia, mwanangu. Mtu akikuuliza kama vidonge hivyo vinarefusha maisha unajua la kumwambia, na ukishamwambia kama bado anataka kununua, muuzie.

Baba yako anauliza dawa zake za presha utazituma na basi la Ijumaa au la Jumamosi. Zimebaki chache.

Mama yako