Yah: Malalamiko kuhusu safari ya matembezi ya Gulwe na chupa ya maji aliyopokonywa mama yangu

Kwa Meneja,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa tangu Jumamosi heshima hiyo naipata kwa tabu. Nadai nirudishiwe fedha zote nilizolipia safari yenu ya kutwa ya Gulwe kwa watu wawili, mimi na mama yangu mzazi. Masharti ya kifurushi mmeyaandika wenyewe, na maji yamo. Sitapoteza wino kuyanukuu.

Treni sina neno nayo. Iliondoka Dodoma kwa wakati na kutushusha stesheni ya Gulwe tukiwa na furaha zetu. Mama alikaa dirishani njia nzima akinionyesha reli ya zamani, ile waliyoijenga Wajerumani ikafika Dodoma mwaka 1910. Babu yangu alikuwa kibarua wa genge kwenye reli hiyo, na mama alikulia kwenye nyumba za reli. Hiyo ndiyo sababu nililipa. Mibuyu tunayo hata huku mjini, sikuhitaji kampuni ya kunionyesha.

Ila huyo mwongozaji wenu! Saa saba mchana, katikati ya Mto Kinyasungwe uliokauka, alimpokonya mama yangu chupa ya maji mkononi. Mama ameshaifungua, bado hajainywa, akaichukua. Kisa hatukuwa na shilingi elfu tatu taslimu.

Nasema taslimu kwa sababu ofisini kwenu niliambiwa tusibebe mzigo wala pesa nyingi, kila kitu kimeshalipiwa. Dada wa mapokezi aliandika namba zetu za NIDA kwa ajili ya tiketi, akaona mwaka wa kuzaliwa wa mama, akasema mwenyewe, "Njia ni tambarare, hata wazee wanatembea." Kumbe njia yenyewe ni mchanga wa mtoni unaozama hadi kifundo cha mguu, halafu mlima, halafu mchanga tena, na jua la Oktoba kabla ya mvua. Watu wa Dodoma mnalijua jua hilo. Pikipiki iliyotakiwa kutuletea maji na chakula haikuonekana. Tulimuuliza mwongozaji mara kwa mara, akajibu bila kugeuka, "Inakuja." Alikuwa mbele yetu sana, simu sikioni. Tangu asubuhi hakuwa amemwamkia mama hata shikamoo.

Naomba nirudie pale mtoni, maana nilipowapigia simu mliniambia "kulitokea kutoelewana kidogo kuhusu maji." Hapakuwa na kutoelewana. Sikiliza ilivyokuwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mgunga, midomo imekauka, hawezi tena kusema vizuri. Mwongozaji akafungua begi lake, akatoa chupa ndogo za nusu lita, zile ambazo dukani ni shilingi mia tano. Akampa mama moja. Mama akasema, "Asante mwanangu," akazungusha kifuniko. Hapo mwongozaji akanigeukia: "Elfu tatu." Nikamwambia maji yamo kwenye kifurushi. Akasema ya kifurushi yako kwenye pikipiki, haya ni yake binafsi. Nikamwambia nitamtumia kwa simu. Mtandao haukuwepo. Nikamwambia nitamlipa tukifika stesheni, ashike hata saa yangu. Akainama, akaichukua ile chupa kutoka mkononi mwa mama yangu, na maneno yake haya hapa: "Bibi, mwenye hela ndiye anakunywa." Akapiga hatua kama mbili hivi, akarudi, akanyoosha mkono. "Na kifuniko." Mama akampa kifuniko.

Ndugu Meneja, mama yangu ana miaka 68. Alimpa kifuniko bila neno, huku ameinamisha uso mbele ya watu ambao ni umri wa wajukuu zake. Kijana mmoja wa msafara wetu alitoa hela yake mfukoni ili ainunue ile chupa ampe. Mama akakataa, akasema hatakunywa maji yaliyotoka kwenye mkono ule.

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa kijijini aliyekuwa akichota maji kwenye kisima cha kuchimba mchangani, hatua chache tu kutoka pale. Wakaamkiana Kigogo, "Mbukwenyi," akamjazia kata, akamjazia tena, akamfuta uso kwa upindo wa khanga yake. Nilipotaka kumwahidi chochote alinikatalia, akasema maji hayauzwi kwa mtu mwenye kiu. Huyo hana ofisi wala bango barabarani.

Jioni mambo hayakuwa tofauti. Tiketi zote zilikuwa kwenye simu ya mwongozaji, naye alitangulia stesheni na wenye miguu myepesi. Tulifika pale getini mama akining'inia begani mwangu, hatuna cha kuonyesha, hadi yule kijana wa msafara akamfuata mwongozaji na kumrudisha. Na ile pikipiki? Tuliikuta stesheni, imeegeshwa kivulini, na katoni za maji bado zimefungwa kwa mpira nyuma ya siti! Kwa hiyo maji yetu yalikuwepo Gulwe siku nzima. Nataka mnieleze hilo kwa maandishi.

Usiku huohuo mama alitundikiwa dripu. Risiti ya zahanati nimeambatanisha, na gharama hiyo naidai pia.

Nilipanga kuishia hapo. Lakini Jumatatu ofisi yenu ilinijibu kwamba mwongozaji "ni wa kukodi, si mwajiriwa wetu," na kwamba mtanipa punguzo la safari ijayo. Punguzo! Mtu aliyevaa fulana yenye nembo yenu, aliyeshika tiketi zetu kwa niaba yenu, leo si wenu? Basi madai yangu yameongezeka. Nataka nauli na kifurushi chote kirudi, gharama za matibabu zilipwe, na wewe mwenyewe Meneja uje nyumbani na huyo mwongozaji, mumwombe mama radhi ana kwa ana, mbele ya ndugu zangu na majirani, kwa kuwa alidhalilishwa mbele ya watu. Barua ya radhi peke yake sitaipokea. Na mwongozaji huyo asiongoze mtu mwingine hadi mthibitishe ana leseni ya kuongoza watalii, kwa sababu nilipomuomba kitambulisho alinicheka.

Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nakala itakwenda Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji, na nyingine kwa wanaotoa leseni za biashara ya utalii, zile tunazoziita TALA, waangalie kama mnastahili kuendelea kuwa nayo. Sambamba na hizo nitafungua madai ya fidia mahakamani. Yule kijana aliyejitolea hela yake ameshakubali kuwa shahidi, na wengine wawili wa msafara wamenipa namba zao. Kiasi cha fidia nitakitaja huko, na hakitakuwa hiki kidogo ninachodai leo kwa hisani.

Na mkija nyumbani, huyo mwongozaji aanze kwa kumwamkia mama.

Wako,
Mteja wa safari ya Gulwe
(jina, namba ya simu na risiti ya malipo vimo ndani ya bahasha)