Usiifute ile mistari 33

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, huku sote tu wazima, bibi yako magoti tu, na yule paka wako kazaa tena ndani ya katoni ya majani ya chai. Ujumbe wako wa sauti niliupata juzi baada ya isha, nikausikiliza mara mbili. Nimeona nisikujibu kwa simu, maana kwa simu hunikatiza, na leo nina maneno marefu.

Umesema msimamizi wako ameipokea mada ya tasnifu: muda wa kusubiri mzigo kwa duka la kisiwani, na kwamba daftari zangu za sukari ndizo zitakazokuwa data yako. Nimefurahi. Wakati ule ulipokuwa umeshikilia kuandika juu ya bandari mpya kule Kililana nilinyamaza tu, nikisema mtoto aende atakako. Lakini bandari ile imekwisha kuandikwa na wakubwa kabla haijafunguliwa. Magati 32 kwenye ramani, matatu yakajengwa, la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021 kwa mbwembwe, na sukari yangu hadi leo huja kwa lori kutoka Mombasa, ikashushwa Mokowe, ikavushwa kwa mashua. Hiyo njia ya Mokowe ndiyo hakuna aliyeiandika.

Ila kuna neno ulilolisema kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya mdai wake. Umesema katika mistari 200 na kidogo ya daftari uliyoipiga picha, kila mstari oda moja, 33 ina siku zaidi ya kumi za kusubiri, nayo "inachafua" hesabu, kwa hivyo unaomba ruhusa uiondoe. Ruhusa sikupi. Nitakueleza kwa nini, na nitatumia hesabu zako mwenyewe ili usije ukasema mama anazungumza ya zamani.

Wakumbuka likizo ya Disemba, ulipoketi juu ya gunia la mchele ukachukua kipande cha katoni? Ukaniuliza kwa mwaka nauza magunia mangapi ya sukari, nikakwambia kama 500. Ukauliza kila nikiagiza natumia ngapi mbali na bei ya sukari yenyewe. Tukahesabu kukodi mashua, na kijana wa kwenda kusimamia Mokowe na chakula chake. Hamali na punda tukawatoa, kwa sababu hao hulipwa kwa gunia, ziwe safari nyingi au chache. Ikawa 2,500. Ukauliza gunia likilala ghalani mwaka mzima hula kiasi gani, kwa pesa iliyokaa bure, panya na unyevu. Tukakubaliana 1,000. Ukazidisha mbili kwa 500 kwa 2,500, ukagawa kwa 1,000, ukatafuta kipeuo cha pili, likatoka 50. Ukanambia kanuni hiyo aliiandika Mmarekani aitwaye Ford Harris mwaka 1913. Kisha ukanitazama kwa jicho la ushindi, kwa kuwa mimi miaka yote huagiza 40.

Usiku ule sikulala, nikachukua kikokotoo cha simu. Nikiagiza 50, gharama za kuagiza ni 25,000 na za kuweka 25,000, maana kwa wastani ghalani hulala nusu ya oda, jumla 50,000. Nikiagiza 40, ni 31,250 na 20,000, jumla 51,250. Yaani kosa langu la miaka yote hiyo ni shilingi 1,250 kwa mwaka, bei ya samaki wa mchana mmoja siku ya wageni. Asubuhi nilipokuonyesha ukacheka, ukasema ndivyo kanuni ile ilivyo, chini yake ni bapa kama sinia, ukikosea kidogo haikuumizi. Hilo nililipenda. Lakini hukuniuliza kwa nini 40. Mashua ya nahodha wetu hupakia magunia 40 ikakaa vizuri majini. La 41 linataka safari ya pili, na safari ya pili ni kukodi mara ya pili. Katoni yako haikuwa na mashua ndani yake.

Sikusemi kwa ubaya. Siku ya punda ulinifunza kitu. Tulikuwa na punda sita, gunia moja mgongoni mwa kila mmoja, kutoka gatini hadi ghalani na kurudi nusu saa, magunia 12 kwa saa. Mimi kwa haraka zangu, mawingu yameshaanza kuwa meusi upande wa Shela, nikaazima punda wawili kwa jirani. Wewe ukakaa kwenye ngazi ya gati na saa yako. Hamali alikuwa mmoja, akichukua dakika tano kumpakia punda, kukaza kamba, kupiga kofi tako aende. Dakika tano kila punda ni 12 kwa saa, wawe sita au wawe wanane. Ukanambia: mama, wanane gawanya kwa 12, mzunguko mmoja sasa ni dakika 40 badala ya 30. Umewaongezea punda kusubiri tu. Na kweli, wale wawili walisimama wamekunja masikio mbele ya mlango wa watu, na kilichoongezeka pale ni mavi. Nikamwekea hamali msaidizi wa kutandika kamba mapema, mambo yakaenda. Ukasema hiyo ni kanuni ya John Little, aliithibitisha 1961. Tangu siku hiyo, nikiona foleni, iwe ya benki au ya zahanati, natafuta kwanza anayefunga kamba ni nani.

Sasa rudi kwenye mistari 33. Ile karatasi uliyoniachia ya akiba ya tahadhari, yaani magunia ya ziada ya kunivusha mzigo ukichelewa, nimeifuata hatua kwa hatua. Nauza gunia moja na nusu kasoro kidogo kwa siku, tuseme 1.4, na mtawanyiko wake, yaani kiasi siku hupishana na wastani, ni 0.7. Muda wa kusubiri, mistari yote ikiwamo, ni wastani wa siku 6 na mtawanyiko wa siku 5. Karatasi yako yasema: siku 6 mara mraba wa 0.7, hiyo ni kama 3. Halafu mraba wa 1.4 mara mraba wa 5, hiyo ni kama 50. Jumla 53. Tazama hizo namba mbili, mwanangu. Tatu ni wateja wangu, leo wamekuja wengi, kesho wachache. Hamsini ni njia. Kila mwezi wenye mabenki hunipigia kunishauri nijue wateja wangu. Wateja wangu nawajua hadi majina ya watoto wao. Kinachoniweka macho ni lori.

Kipeuo cha 53 ni kama 7.3, mara 1.65, namba ya karatasi yako ili nisikose sukari mara 95 katika 100, ni magunia 12. Ongeza manane ninayouza katika siku 6 za kusubiri, basi niagize upya ghala likibaki na magunia 20.

Ukiifuta ile 33, wastani unakuwa siku 4 na mtawanyiko siku 1. Hesabu inatoka 2 na 2, jumla 4, kipeuo 2, akiba magunia matatu. Niagize upya yakibaki tisa. Safi kabisa, msimamizi ataipenda. Lakini mwaka 2023, maji ya mwisho wa mwaka yalipokata barabara kule Gamba, mzigo wangu ulikaa siku 19. Kwa magunia tisa ningekaa bila sukari tangu siku ya saba. Na kumbuka miaka ile baada ya mashambulizi ya 2014, magari yakisubiriana yasindikizwe na askari, na siku nyingine msafara hautoki kabisa. Hayo si makosa ya kalamu. Ni mstari mmoja katika kila sita. Kitu kinachonijia mara mbili kwa mwaka huwezi kukiita ajali, ni mgeni wangu wa kawaida, na mgeni wa kawaida hutengewa sahani.

Hata hiyo 12 siiamini sana. Karatasi yako inachukulia siku zangu zimejipanga kwa umbo la kengele, nyingi katikati, chache pembeni. Zangu haziko hivyo. Zimekaa makundi mawili: nne, tano, nne, tatu, halafu ghafla kumi na tano. Hakuna saba wala nane. Ama njia iko wazi ama imefungwa. Muulize msimamizi wako kama kuna hesabu ya vitu vya namna hiyo, naamini ipo.

Na hapa ndipo napotaka uchimbe hasa, kama una nguvu ya kuchimba. Mwaka ule wa siku 19 sikulala njaa kwa sababu ya akiba. Nilipata magunia 15 kwa jahazi lililotoka Malindi, ghali, lakini yalifika. Ilikuwa Novemba, matlai, bahari imelala kama maziwa kwenye bakuli. Ungesema basi: duka lina njia mbili, bara na bahari, kila moja ikifungwa mara moja katika sita, zote mbili kufungwa pamoja ni mara moja katika 36. Vitabu vyenu hupenda kuzidisha hivyo. Lakini masika nayo hukata barabara, na masika huja Aprili na Mei pamoja na kusi linaloanza kuvuma. Wakati huo nahodha mwenye akili huvuta chombo pwani akakipaka sifa, yale mafuta ya papa. Mvua ya Novemba inanifungia mlango mmoja, mvua ya Mei inafunga yote miwili. Kwa hivyo usinipe namba moja ya akiba kwa mwaka mzima. Nipe ya kusi na nipe ya kaskazi. Babu yako akisafirisha boriti hakuwa na karatasi hizi, lakini asingekuuliza "siku ngapi hadi Mombasa" bila kukuuliza kwanza "upepo gani".

Sasa nikukiri jambo, kwa sababu utaliona mwenyewe kwenye daftari na sitaki ulione bila mimi. Mwezi wa mlisho, ule wa kabla ya Ramadhani, usiziamini oda zangu. Kila Ramadhani ikikaribia sukari huadimika, na matajiri wa jumla hugawa kidogo kidogo, mwenye kuagiza 80 apewe 40. Tukishajua hivyo, sote wenye maduka huagiza mara mbili, na tena kwa matajiri wawili watatu. Wa kwanza akileta, wengine tunawaambia asante, tumeshapata. Nimefanya hivyo miaka mingi. Tajiri naye huko Mombasa akiona oda za Lamu zimepanda anaagiza zaidi kiwandani, kisha Shawwal sukari imemjaa ghalani. Ulisema profesa mmoja, Hau Lee, na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba jambo hilo ni moja ya sababu nne za oda kuvimba kila zikipanda ngazi. Basi mmoja wa wavimbishaji ni mamako. Tazama mauzo, yameandikwa kwa kalamu ya buluu, oda ni nyekundu.

Tena usiiache programu yako itafute msimu kwa miezi ya kizungu. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. 2023 ilianza Machi ikikaribia kwisha, 2024 mwezi huohuo lakini mapema zaidi. Ukiijumlisha Machi na Machi utaona ukungu tu. Nimeandika tarehe zote mbili pembeni kila ukurasa, na Maulidi ya mfungo sita nimeyawekea nyota, maana wageni wa Maulidi nao ni watu wa chai.

Kitu kingine. Kuna tajiri mmoja, jina lake namwachia Mungu, ambaye kila nikipiga simu husema "lori limeshatoka." Mara moja lilikuwa limeshatoka siku tatu, nikampigia dereva, nikamkuta anakunywa kahawa Mombasa, lori tupu. Tangu hapo naandika tarehe mbili: aliyoniambia yeye, na aliyoniambia dereva. Penye nukta ndogo ni ya dereva. Kwa hivyo kusubiri kwako ni vipande viwili, kusubiri uongo na kusubiri barabara, na dawa zake si moja. Uongo hautibiwi kwa akiba.

Mjomba wako atapanda basi Jumatano na daftari zote tisa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko wa unga. Ya 2016 ina kurasa zilizokatika, kuna aliyefungia karanga, nami namjua. Zisome kwa utaratibu, usizilambe kidole.

Ukifika 2019, miezi ile mitano niliyokuwa Mombasa na bibi yako hospitalini, mwandiko si wangu, ni wako. Ulikuwa na miaka kumi na saba na dukani hukutaka kukaa. Mistari sita. Siku za kusubiri umeandika nne, nne, nne, nne, nne, nne. Ikiwa lazima ufute kitu, anzia hapo.

Wasalaam,
Mamako